Panzi wa Barabara ya Mvumi

Inawezekanaje gari liende Mvumi na kurudi, msimu wa panzi, na lisirudi na panzi hata mmoja?

Swali hilo lilinikaa kichwani mwezi mzima, mwaka ule niliomaliza chuo pale Chimwaga na kurudi nyumbani kusubiri kazi. Nililitafutia majibu ya kila aina, na jibu pekee lililosimama lilikuwa lile nisilolitaka: kwamba gari halikwenda Mvumi.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe ya baba, kuukuu, yenye mlango mmoja wa rangi tofauti. Mita ya kilomita ilikufa kabla sijaingia kidato cha kwanza, kwa hiyo hapo hapakuwa na ushahidi. Ushahidi ulikuwa mbele. Juu ya shoo, ile sehemu ya mbele yenye matundu ya kupitisha hewa, fundi wa Majengo alikuwa amefunga wavu wa mbu, ule wa chuma tunaouweka madirishani, kwa vipande vya waya kwenye kona nne. Kazi yake ilikuwa kuilinda rejeta, maana barabara ya Mvumi ilikuwa ya vumbi, majani yakiilalia pande zote mbili, na malori yakirusha kokoto. Mwaka mmoja kokoto ilitoboa rejeta ya baba, na tangu hapo hakutaka kusikia habari ya kutembea bila wavu.

Kila Alhamisi asubuhi na mapema baba aliondoka kwenda kwa shangazi, dada yake mkubwa, anayeishi mbele kidogo ya Mvumi, ampeleke kliniki. Shangazi ana sukari. Alikuwa na kidonda kwenye kisigino cha mguu wa kushoto, na walishamkata kidole kimoja. Siku nyingine za wiki mjukuu wake alimsafisha nyumbani, lakini Alhamisi ilikuwa lazima daktari akione kidonda mwenyewe, na mguu ule haukuweza kupandishwa bodaboda. Alikaa mbele kwenye pikapu, kiti kimesukumwa nyuma hadi mwisho, mguu juu ya mto. Daktari alisema sentensi moja ambayo baba alikuja nayo nyumbani na kuirudia mezani mara nyingi: Alhamisi zisikatike, mguu utapona.

Kwa hiyo kama baba hakuwa anakwenda, hilo halikuwa jambo la baba na mama peke yao. Kulikuwa na mguu wa mtu.

Sikumbuki siku nilipoanza kumshuku. Nakumbuka mazingira. Jirani yetu wa nyumba ya tatu, baba wa watoto wanne, kila mwisho wa wiki alikuwa na safari ya kikazi, mpaka mkewe alipokuta sare ya shule ya mtoto asiyemjua kwenye buti la gari. Mtaa mzima ulijua kabla ya jua kuzama. Mimi nilikuwa nimesoma takwimu, na nilichokipenda katika takwimu ni kwamba haina adabu: humwuliza mkubwa na mdogo swali lilelile. Nikaanza kumtazama baba kwa jicho hilo. Kwa nini alinyoa ndevu Alhamisi tu? Kwa nini lile shati la bluu? Kwa nini akirudi alioga kabla hata ya kukaa?

Alhamisi mchana nilikuwa nafundisha hesabu watoto wa familia moja karibu na chuo, na nilirudi nyumbani giza likiingia, baba akiwa ameshaoga na kula. Ijumaa asubuhi, kabla ya chai, nilitoka na kwenda kuchuchumaa mbele ya pikapu. Wavu ulikuwa mweupe. Sikuona bawa wala mguu wa panzi, wala punje moja ya mbegu za majani. Mabampa yalikuwa na vumbi jekundu, matairi pia, lakini vumbi ni la Dodoma nzima, halithibitishi kitu.

Siku hiyohiyo nilikwenda stendi kutazama magari yaliyotoka Mvumi. Nilijifanya nasubiri mtu. Pua za magari yale zilitisha. Panzi walikuwa wamejibandika kama gundi, wengine wakiwa na mabawa yanayopepea kana kwamba bado wanaruka, na kati yao manyoya ya majani, vipepeo waliopondeka, na majimaji ya njano yaliyokaukia kwenye namba za gari. Kondakta mmoja aliniuliza, "Dada, unanunua gari au unanunua mboga?"

Nilisema namsubiri mama yangu mdogo.

"Basi msubiri upande wa mlangoni. Hatoki kwenye injini."

Wiki ya pili wavu ulikuwa mweupe. Wiki ya tatu vilevile. Nilianza kuandika kwenye daftari, kwa sababu bila daftari ushahidi ni umbea tu.

Nilimjaribu baba mwenyewe. Alikuwa barazani anakata kucha.

"Baba, barabara ya Mvumi siku hizi ina panzi?"

"Wapo wengi. Unataka kuwakaanga?"

"Nauliza tu."

"Msomi haulizi tu," alisema, bila kuinua kichwa. "Chuo kimekufundisha kuuliza, hakijakufundisha kutulia. Shangazi yako anakusalimia."

Nikampigia shangazi. Simu yake ilikuwa ndogo, ya vitufe, na alipokea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya korongo.

"Mbukwa, shangazi," nilimsalimu kwa Kigogo. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umepata mume?"

"Bado. Shangazi, baba alikuja Alhamisi?"

Akanyamaza kidogo. Niliupima ukimya ule, nikauandika baadaye kwenye daftari.

"Kwani hakukuambia?"

"Aliniambia."

"Sasa mimi unaniuliza nini?" Akacheka. "Alikuja. Alikula ugali wangu wote na mlenda, akalala kwenye mkeka mdomo wazi. Ndiyo tabia yake tangu mdogo."

Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilikata simu nikijiambia kwamba shangazi ndiye aliyemlea baba, alimbeba mgongoni, na angemtetea hata mbele ya hakimu. Tena ugali na mlenda ni kitu ambacho mtu yeyote anaweza kusema. Naandika haya nikijua yanasikikaje. Wakati ule yalisikika kama akili.

Ndipo nikamwambia mama.

Alikuwa uani anafua kola za mashati ya baba kwa ile brashi yake ndogo ya mpini wa mbao. Nilimweleza yote kwa mpangilio: magari ya stendi, wavu mweupe, Ijumaa zote zilivyokuwa. Nilitegemea ashtuke, au anigombeze. Aliendelea kusugua kola ileile mpaka nikaona ataitoboa.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi usimwambie." Akaisuuza brashi, akaikung'uta mara mbili ukutani. "Na achana na mambo ya wavu. Baba yako anakwenda Mvumi."

"Umejuaje?"

"Najua."

"Mama, kujua bila ushahidi ni kutumaini tu."

Aliniangalia kwa muda, uso wake ukiwa na kitu nilichokitafsiri kuwa ni huruma kwa nafsi yake. "Nenda kaangalie maharage," alisema.

Nilitoka pale nimeamua kwamba mama anajua na anaficha, kama wake wengi wanavyojua na kuficha. Hasira yangu ikawa kubwa zaidi, na sasa ilikuwa na sababu nzuri: nilikuwa namtetea mama, na nilikuwa naulinda mguu wa shangazi.

Jaribio nililobuni lilikuwa rahisi, na mpaka leo sioni kosa katika mantiki yake. Wavu unafutika. Mtu anayetaka kuficha alikokwenda, au anayetaka tu gari safi, anaweza kuupitisha maji. Lakini rejeta yenyewe haifutiki. Ina mapezi membamba ya bati, mamia kwa mamia, na mdudu akishaingia katikati yake hatoki kwa kitambaa. Nikiuondoa wavu, Ijumaa rejeta itasema kweli. Kama ni safi, baba hakwenda. Kama ina panzi, alikwenda.

Jumatano alasiri, baba akiwa kwenye kikao cha mazishi ya mstaafu mwenzake, nilizikata zile waya kwa koleo, nikauviringisha wavu na kuusukuma chini ya kitanda changu. Kuhusu rejeta kuziba niliwaza kidogo. Nilijiambia safari moja haiwezi kuziba rejeta. Nani amepima? Hakuna. Basi.

Baba aliondoka Alhamisi gizagiza na hakuona. Aliwasha taa, na mtu aliyekaa nyuma ya taa haoni pua ya gari lake.

Saa sita mchana nilikuwa ubaoni nafundisha milinganyo simu ilipoita. Alikuwa mama.

"Gari la baba yako limechemsha. Yuko porini tangu asubuhi."

"Wapi?"

"Barabara ya Mvumi," alisema mama. Alilitamka taratibu, neno moja moja. "Hajafika kwa dada yake."

Nikaweka chaki chini. Watoto walinitazama wakisubiri nimalizie mlinganyo.

Mengine niliyajua baadaye. Mvua ilikuwa imenyesha mapema wiki ile, panzi walikuwa wametoka kwa wingi kuliko siku zote, na kwenye kipande cha mashamba ya uwele walipaa kwa makundi mbele ya gari. Baba ni dereva makini. Mshale wa joto ulipopanda alisimama, akazima, akasubiri. Alimwaga maji ya dumu lake, akaondoka, mshale ukapanda tena. Dumu likaisha. Mchungaji mmoja wa ng'ombe akampatia maji ya kwenye kibuyu. Alikwenda hivyo, vipande kwa vipande, akafika kwa shangazi saa tisa.

Shangazi hakuwepo mlangoni. Tangu saa mbili alikuwa amevaa na kukaa nje. Saa nne alianza kusema kwamba mdogo wake amepatwa na jambo barabarani. Mjukuu alikuwa shuleni, simu ya shangazi haikuwa na chaji, na shangazi si mtu wa kukaa. Alichukua fimbo akaanza kutembea kuelekea barabara kubwa kumtafuta. Walimkuta wanawake waliokuwa wanatoka kuchota maji, amekaa kwenye tuta, bandeji imejaa udongo na damu. Kliniki ilikuwa imefungwa. Baba alimpeleka Ijumaa asubuhi kwa gari la kuazima, na walimlaza.

Ijumaa usiku pikapu ilivutwa mpaka nyumbani, na Jumamosi ikavutwa mpaka Majengo kwa fundi, na mimi nilikwenda na baba. Sikuwa nimelala vizuri. Nilikuwa nimeshaona rejeta. Baba alifungua boneti pale nyumbani nami nikachungulia: ilikuwa imevaa panzi kama nguo. Jibu langu lilikuwa pale. Nilipaswa kulifurahia.

Fundi alikuwa mtu mfupi, mchekeshaji, mwenye kofia isiyotoka kichwani. Alipiga goti, akaichokonoa rejeta kwa kijiti.

"Mzee wangu, hii imezibwa pua. Hewa haipiti hata kidogo. Hawa mimi siwatoi kwa brashi, nitayalaza mapezi. Nawapuliza kwa upepo kutoka nyuma, mmoja mmoja." Akainua uso. "Wavu wangu uko wapi?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza wewe," alisema baba.

"Mimi?"

"Jumatatu nilikuja hapa kubadilisha plagi. Ulifungua boneti wewe. Tangu hapo hakuna aliyeligusa gari langu."

"Nikauiba wavu wa mbu?"

"Sijasema umeiba. Nasema uliufungua na hukuurudisha."

"Mzee, nikitaka kuiba nitaiba jeki yako, ile nzuri. Wavu wa mbu naupeleka wapi? Madirisha yangu nimeziba kwa magunia, na mbu wenyewe wameshanizoea."

Mafundi wengine walicheka. Baba hakucheka.

"Dada yangu amelazwa," alisema. "Usinitanie."

Kicheko kikafa. Fundi alivua ile kofia, akaishika kifuani. "Pole sana, mzee. Lakini wallahi sikuugusa. Uliondoka hapa nao. Mimi mwenyewe niliukaza waya wa kona ya chini ulipokuwa umelegea. Muulize huyu, muulize na yule."

"Sitauliza mtu. Nitatafuta fundi mwingine."

Alikuwa fundi wake kwa miaka mingi kuliko ninayoweza kukumbuka. Alikuwa akija kwetu sikukuu ya Krismasi na baba akienda kwake Idi. Nilimwona fundi akimtazama baba kama mtu aliyefungiwa mlango, na nikajua kwamba nikikaa kimya dakika moja zaidi nitakaa kimya maisha yangu yote.

"Ni mimi," nilisema.

Baba hakunisikia, au hakutaka. Nikarudia. "Baba, wavu niliutoa mimi. Uko chini ya kitanda changu."

"Ulikuwa unautaka wa nini?"

Nilikuwa na majibu ya uongo kama matatu. "Nilitaka kujua kama unakwenda."

"Kwenda wapi?"

"Mvumi."

Fundi alichukua spana isiyohitajika na kwenda nayo nyuma ya gari. Wengine walikumbuka kazi zao. Baba alinitazama, kisha akaitazama rejeta kwa muda mrefu, kisha akasogea pembeni kunipisha.

"Basi wahesabu," alisema.

Alimgeukia fundi, akaenda kumshika mkono kwa mikono yote miwili, wakazungumza kwa sauti ya chini. Mimi nilibaki mbele ya gari. Sikuhesabu. Nilianza kuwatoa wale waliokuwa juu kwa kucha, nikiwaweka kwenye kipande cha gazeti, mpaka fundi aliporudi na bomba la upepo na kuniambia kwa upole, "Achia hapo, dada. Unalaza mapezi."

Shangazi alikatwa kidole cha pili. Kisigino kilipona. Nilimuuliza daktari kama ingekuwa tofauti iwapo asingetembea siku ile, akasema hakuna anayeweza kujua. Kidole kilikuwa na hali mbaya tangu kabla. Nimeligeuza jibu hilo mara nyingi kuona kama linanitosha. Halinitoshi, na halinihukumu. Linakaa tu.

Niliungama kwa shangazi mwenyewe, nimepiga magoti kando ya kitanda chake. Alisikiliza mpaka mwisho. "Yaani ulidhani mdogo wangu ana mwanamke?" aliuliza. "Na tumbo lile?" Akacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Halafu akaacha kucheka, akanitazama, akavuta shuka kufunika mguu. Tangu siku ile hajawahi kuniuliza kama nimepata mume.

Wavu niliurudisha mimi, waya mpya kwenye kona nne, baba akisimamia bila kusema neno. Alhamisi iliyofuata alinipa ufunguo. Nilimwendesha mpaka Mvumi na kurudi, na Alhamisi nyingi baadaye, nikimwacha mdogo wangu afundishe zile hesabu. Tulirudi na panzi, na niliwasugua mimi mwenyewe jioni ileile, mbele ya macho ya kila mtu.

Lakini swali la kwanza lilibaki. Baba alikuwa anakwenda. Panzi walikuwepo. Ijumaa wavu ulikuwa mweupe. Nilimuuliza baba mara moja tu kama alikuwa anauosha. Alisema hajawahi kuuosha, alidhani upepo unawaondoa. Jambo lingine lililonisumbua ni mama. Siku tuliporudi kutoka Majengo na nikamweleza yote, alilia kuliko nilivyotarajia, akajifungia chumbani mpaka jioni. Kwa tabia yangu, nililishuku na hilo. Alikuwa anamlilia nani hivyo?

Ilipita miaka. Nilipata kazi, nikanunua gari dogo, na kitu cha kwanza nilichokifunga ni wavu. Aprili ya mwaka mmoja niliingia nyumbani kutoka Mvumi, nimetoka kumwona shangazi. Baba alikuwa ndani anasikiliza taarifa ya habari. Mama alitoka uani na ile brashi ya kola, yenye mpini wa mbao, akapiga goti mbele ya gari langu bila kuombwa na kuanza kusugua. Alianzia kona ya juu kushoto, akashuka kwa mistari, na midomo yake ilikuwa inacheza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anahesabu.

"Mama," nilisema, "unafanya nini?"

Mkono ukasimama. Alitazama mlango, akasikiliza kama redio bado inaongea, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, huku akiendelea kusugua. Kuna mwanamke aliyemtia maneno, baba alipostaafu. Magari yanayotoka barabara nyingine hurudi na vumbi. Yanayotoka Mvumi hurudi na panzi na mbegu za majani. Kila Alhamisi, baba akiwa bafuni, alikuwa akitoka na brashi hiyo, anawahesabu, anausugua wavu uwe mweupe ili wa wiki inayofuata wasichanganyike na wa wiki ile. Alikuwa ameanza misimu miwili kabla yangu, na hapakuwa na Alhamisi hata moja panzi walipokosekana.